Kompyuta za Zamani: Kuzihifadhi Zilivyo au Kuzitia Vipuri Vipya?

Utangulizi

Kuanzia mwaka 1977 viwanda vya Marekani, na baadaye vya Uingereza na Japani, vilianza kuuza kompyuta ndogo zilizokusudiwa kutumiwa nyumbani. Kompyuta hizo ziliunganishwa na televisheni ya kawaida, zikapokea programu kutoka kanda za kaseti, na kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi zikawa shule ya kwanza ya watu wengi waliokuja kuwa wahandisi na wataalamu wa programu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zama zake zilikwisha. Nyingi zilitupwa, zilizobaki zimo katika majumba ya makumbusho, katika stoo za shule na vyuo, na mikononi mwa watu wanaozipenda.

Miongoni mwa wanaozitunza kuna mjadala usiokwisha. Kundi la kwanza hushikilia kwamba kompyuta ya kale ni ushahidi wa historia, na kwamba kila kipuri cha leo kinachotiwa ndani yake huondoa sehemu ya ushahidi huo. Kundi la pili hujibu kwamba kompyuta isiyowaka ni kasha la plastiki tu; kwa hiyo ni halali kuitia chipu mpya, kadi za kumbukumbu na viunganishi vya televisheni za kisasa ili iendelee kufanya kazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila kundi lina haki katika sehemu moja ya jambo hili, na kwamba suluhisho lapatikana tukikijua vizuri chombo chenyewe kwa macho ya fizikia na kemia. Mwishoni tutatoa kanuni ambazo mwalimu na wanafunzi wake waweza kuzifuata wakikuta chombo cha namna hii shuleni.

Mfano wetu: Commodore 64

Ili tusizungumze juujuu, tuchukue kompyuta moja iliyo maarufu. Commodore 64 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Marekani mwezi Januari 1982, ikaanza kuuzwa mwaka huo huo kwa bei ya dola 595. Iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1994, kampuni yake ilipofilisika. Makisio ya idadi iliyouzwa hutofautiana, lakini ya chini ni zaidi ya milioni 12.

Ndani ya kasha lake mna ubao mmoja wa saketi. Juu ya ubao huo tunakuta prosesa aina ya 6510, ambayo hufanya mizunguko karibu milioni moja kwa sekunde. Chipu ya kuchora picha. Chipu ya kutoa sauti, iitwayo SID. Chipu zenye programu ya kudumu ya kilobaiti 20. Na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Katika matoleo ya mwanzo kumbukumbu hiyo iligawanywa katika chipu nane. Kila chipu ilitunza biti 65,536, na kila baiti ilipata biti moja kutoka kila chipu. Mwanafunzi anayefungua kasha hili aweza kuzihesabu chipu nane kwa kidole na kuona kwa macho yake kwa nini baiti moja ina biti nane. Kompyuta za leo, ambazo mabilioni ya transista zake zimefungwa ndani ya kipande kimoja, haziwezi kumfundisha hivyo. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuzitunza kompyuta hizi, hata kwa mtu asiyejali historia.

Mambo matatu ndani ya chombo kimoja

Kabla ya kubishana juu ya kuhifadhi, yafaa tuulize: tunahifadhi kitu gani? Katika kompyuta mna mambo matatu yanayokaa pamoja.

Jambo la kwanza ni kitu chenyewe: plastiki, shaba, chipu, herufi za kiwandani, alama za kalamu alizoandika mwenyewe, na hata marekebisho ya fundi wa zamani. Jambo la pili ni kazi: namna chombo kinavyopokea maagizo, kinavyochora na kinavyolia. Jambo la tatu ni yaliyomo: programu na maandishi yaliyotunzwa katika kanda, katika diski na katika chipu.

Mambo haya matatu hayazeeki kwa namna moja, wala hayalindwi kwa njia moja. Anayetaka kukilinda kitu chenyewe huzuia mkono usikiguse. Anayetaka kuilinda kazi hana budi kutia mkono. Anayetaka kuyalinda yaliyomo huyanakili haraka na kuyahamishia mahali pengine. Makundi mawili tuliyoyataja hayaafikiani kwa sababu kila moja limechagua jambo moja kati ya haya na kulifanya kuwa jambo lote.

Kutokuigusa si kuihifadhi

Wako wanaodhani kwamba kompyuta iliyofungiwa kabatini imehifadhiwa. Kemia haikubaliani nao, kwani kabatini humo humo kazi ya uharibifu huendelea.

Tuanze na kapasita za elektroliti. Kapasita ya aina hii hutengenezwa kwa tabaka mbili za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminiko, kisha ikafungwa kwa kizibo cha mpira. Kadiri miaka inavyopita kimiminiko hukauka au huvuja. Joto huharakisha jambo hilo. Wahandisi hutumia kanuni ya makadirio kwamba kila joto linapopungua kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita huongezeka maradufu. Kapasita iliyopimwa kudumu saa 2,000 katika nyuzi 85 yatarajiwa kudumu hivi katika nyuzi 45:

tofauti ya joto: 85 − 45 = 40, yaani hatua 4 za nyuzi 10;
maisha: 2,000 × 2 × 2 × 2 × 2 = saa 32,000.

Kutokana na hesabu hii tunaona kwamba kukipunguzia chombo joto ni uhifadhi wa kweli, hata kama kinachopunguza joto hilo ni kipuri kipya.

Adui wa pili ni betri. Kompyuta kadhaa za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kama Amiga 2000 na Amiga 500 Plus, zilikuwa na betri ndogo ya nikeli na kadimiamu iliyolehemiwa juu ya ubao ili saa ya ndani isisimame. Betri hiyo inapozeeka huvuja haidroksaidi ya potasiamu, ambayo ni besi kali. Besi hiyo hula njia za shaba, hupenya chini ya chipu, na yaweza kuuangamiza ubao mzima bila kompyuta kuwashwa hata mara moja. Hapa mwenye kusema «tusiiguse» anashiriki katika kuiua. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika ubao wa saketi ukuta wenyewe mara nyingi haujengeki tena.

Adui wa tatu amejificha nje ya kompyuta. Commodore 64 hupokea umeme kutoka kasha la pekee linalotoa volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu. Makasha mengi ya mwanzo yalijazwa utomvu mgumu ndani, hivi kwamba hayafunguliki wala hayapoi vizuri. Kidhibiti volti kilichomo kinapoharibika, aghalabu hakizimi umeme. Hupandisha volti juu ya 5. Chipu za aina ile hutaka volti kati ya 4.75 na 5.25. Zikipokea zaidi, za kwanza kuungua huwa ni zile za kumbukumbu. Kwa hiyo mtu aliyeikuta kompyuta nzima baada ya miaka thelathini, akaiunganisha na kasha lake la asili ili «kuheshimu uasili», aweza kuiua kwa dakika moja.

Adui wa nne ni wakati juu ya sumaku. Kanda na diski hutunza habari kwa usumaku wa unga mwembamba uliogandishwa juu ya plastiki. Gundi inayoushika unga huo huchakaa, ukungu huota palipo na unyevu, na habari hupotea. Chipu za kudumu za aina inayofutwa kwa mwanga, ambazo hutambulika kwa kidirisha cha kioo juu yake, hutunza habari kwa chaji ndogo ya umeme, nayo pia huvuja polepole kwa miaka mingi.

Hatimaye iko plastiki. Makasha mengi yalitengenezwa kwa plastiki aina ya ABS iliyotiwa michanganyiko ya bromini ili isishike moto upesi. Mwanga na hewa huifanya iwe ya manjano. Tangu mwaka 2008 wapenzi wa kompyuta wamekuwa wakitumia haidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga wa urujuanimno kuirudishia weupe. Weupe hurudi, lakini umanjano nao waweza kurudi baadaye. Tena kazi ikifanywa bila uangalifu huacha mabaka yasiyofutika. Umanjano hauidhuru kazi ya kompyuta. Mwenye kuiosha aelewe kwamba anaipendeza, haiponyi.

Yanayopotea tunapobadilisha

Baada ya kusikia hayo msomaji aweza kudhani kwamba kundi la pili limeshinda, na kwamba tutie vipuri vipya bila wasiwasi. La, hasha. Tuichunguze mifano mitatu katika Commodore 64 hiyo hiyo.

Mfano wa kwanza ni sauti. Chipu ya SID toleo la 6581 ina sauti tatu na kichujio ambacho, tofauti na sehemu nyingine za kompyuta, hakifanyi kazi kwa tarakimu bali kwa volti zinazopanda na kushuka taratibu. Utengenezaji wa wakati ule haukuweza kuzifanya chipu zote zifanane. Kwa hiyo wimbo ule ule ulisikika tofauti kidogo katika kompyuta mbili mpya. Zaidi ya hayo, chipu hiyo ilikuwa na dosari: kiwango cha sauti kilipobadilishwa ghafula, ulisikika mlio mdogo. Watunzi wa programu waliigeuza dosari hiyo kuwa chombo. Kwa kubadilisha kiwango cha sauti maelfu ya mara kwa sekunde, waliweza kutoa maneno ya binadamu na mapigo ya ngoma. Toleo lililofuata, 8580, liliirekebisha dosari, na sauti zile zikafifia mno. Hapo kiwanda chenyewe ndicho kilichoboresha chipu, na uboreshaji ukaharibu kazi za watu waliokuwa wameitegemea dosari. Vibadala vinavyouzwa leo, ambavyo ni vibao vidogo vyenye prosesa ya kisasa ndani, huiga sauti hizo kwa viwango tofauti vya usahihi. Yafaa pia kukumbuka kwamba 6581 hutumia volti 12 na 8580 volti 9. Asiyejua hilo akapachika moja mahali pa nyingine aweza kuiunguza.

Mfano wa pili ni diski. Mtambo wa diski aina ya 1541, uliotumiwa pamoja na Commodore 64, ulitunza baiti 174,848 katika upande mmoja wa diski. Ndani yake mlikuwa na prosesa yake mwenyewe na kilobaiti 2 za kumbukumbu. Ulikuwa ni kompyuta ya pili. Upelekaji wa habari kwa njia ya kawaida ulikuwa wa polepole sana, baiti 400 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo watunzi wa programu walipeleka maagizo yao wenyewe ndani ya prosesa ya mtambo wa diski ili kuharakisha kazi. Leo mahali pa mtambo huo watu wengi hutumia kifaa kidogo chenye kadi ya kumbukumbu. Vifaa vya bei nafuu huelewa maagizo ya kawaida tu. Programu inapojaribu kuiamuru prosesa ambayo haipo, kazi hukwama. Vifaa vya ghali zaidi hutumia chipu ambayo mpangilio wake wa saketi waweza kuandikwa upya, navyo huuiga mtambo mzima wa 1541 pamoja na prosesa yake. Vifaa vyote viwili hujitangaza kuwa badala ya diski, lakini kimoja kimebadili chombo tu na kingine kimeondoa sehemu ya kazi.

Mfano wa tatu ni picha. Toleo la Ulaya la Commodore 64 lilichora picha kwa mistari 312, na kila mstari ulichukua mizunguko 63 ya prosesa. Tukizidisha tunapata mizunguko 19,656 kwa picha moja. Prosesa ilikuwa na mizunguko 985,248 kwa sekunde. Tukigawanya tunapata picha 50 na kidogo kwa sekunde. Watunzi hodari walihesabu mizunguko hiyo mmoja mmoja, wakabadilisha rangi wakati televisheni ilipofika katika mstari walioutaka. Programu za namna hiyo zimefungwa na mwendo huo kama mapigo ya ngoma yalivyofungwa na hatua za mchezaji. Prosesa ya kasi zaidi haiziboreshi, huzivuruga. Hata kiunganishi cha kupeleka picha katika televisheni mpya, kikitoa picha 60 kwa sekunde, hufanya kitu kinachotembea kwa ulaini kionekane kikirukaruka.

Kutokana na mifano hii tunajifunza jambo moja kubwa. Katika kompyuta, dosari, uzito na ucheleweshaji ni sehemu ya historia, kwa sababu watu walifikiri na kuvumbua ndani ya mipaka hiyo. Anayeiondoa mipaka hiyo pasipo kuandika chochote humnyima mwanafunzi wa kesho nafasi ya kuelewa kwa nini programu ziliandikwa vile.

Funzo la kumbukumbu ya Domesday

Mwaka 1086, kwa amri ya mfalme wa Uingereza, ardhi na mali za nchi yake ziliandikwa katika kitabu kiitwacho Domesday. Kitabu hicho, kilichoandikwa juu ya ngozi, kingali kinasomeka. Mwaka 1986, miaka 900 baadaye, shirika la utangazaji la BBC liliongoza kazi ya kutengeneza Domesday mpya. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, waliandika habari za vijiji na miji yao. Habari hizo ziliwekwa katika diski za leza zilizosomwa kwa kompyuta ya Acorn na mtambo maalumu wa Philips.

Haikupita miaka ishirini kabla mitambo ile haijawa adimu, na ikahofiwa kwamba kazi ya watoto wale itapotea hali ile ya ngozi ikingali hai. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walionyesha programu iliyouiga mfumo mzima katika kompyuta ya kisasa, na mwaka 2011 BBC ikaweka sehemu ya kumbukumbu hizo katika intaneti.

Msomaji azingatie namna mambo yalivyotegemeana. Ili kunakili yaliyomo, watafiti walihitaji mtambo wa asili uliokuwa bado unafanya kazi. Ili wananchi wayasome, ilihitajika programu mpya. Mtambo ungekuwa umefungiwa kabatini mpaka ukafa, hakuna kitu kingenakiliwa. Mtambo ungekuwa umegeuzwa na kufanywa chombo kingine, hali ingekuwa hiyo hiyo.

Uchache na wingi

Jambo jingine la kupima ni idadi. Apple I ya mwaka 1976 ilitengenezwa kwa idadi ya 200 hivi. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la The Henry Ford nchini Marekani lilinunua moja kwa dola 905,000. Chombo cha namna hiyo kila skrubu ni hati. Kuingiza kipuri kipya pasipo lazima ni kama kuandika kwa kalamu ya wino juu ya msahafu wa kale. Bali Commodore 64 zilikuwa mamilioni, na ZX Spectrum ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1982 kwa bei ya pauni 125 kwa toleo dogo, nayo iliuzwa kwa mamilioni. Ukiwa na tano, yafaa ile iliyo kamili kupita zote iachwe ilivyo, na nyingine zitengenezwe zitumike. Zile mbovu kabisa zitatoa vipuri vya kuziponya nyenzake.

Lakini idadi ya dunia isitudanganye. Katika Tanzania, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na masharti hayo yaliondolewa baadaye tu. Kwa hiyo kompyuta za miaka ile zilikuwa chache nchini. Kompyuta ambayo London ni ya kawaida, ikikutwa katika stoo ya shule yetu ikiwa na namba ya leja na jina la idara, ni hati ya namna sayansi hiyo ilivyotufikia. Namba ile ya rangi iliyopigwa ubavuni, ambayo mnunuzi wa Ulaya angeisugua iondoke, kwetu yaweza kuwa ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote.

Kanuni za kufuata

Kanuni kuu ni hii: kila badiliko lipimwe kwa kuuliza kama atakayekipokea chombo baada yetu ataweza kukirudisha kilivyokuwa, na kama atajua kilikuwaje. Kutokana na hiyo zafuata kanuni ndogo sita.

1. Usiwashe kwanza. Piga picha pande zote, ndani na nje. Pima volti za kasha la umeme kwa multimita kabla ya kuliunganisha na kompyuta. Kama si la kuaminika, tumia jipya, na lile la zamani litunze pamoja na kompyuta likiwa na kibandiko kisemacho kwamba lisitumiwe.

2. Zuia uharibifu unaoendelea. Betri inayovuja iondolewe leo. Mabaki ya besi yatulizwe kwa siki kidogo, kisha ubao uoshwe kwa maji yaliyokenekwa na kukaushwa kabisa.

3. Nakili yaliyomo mapema. Kanda, diski na chipu za kudumu zisomwe na nakala zake zitunzwe mahali zaidi ya pamoja, kwa kuwa chuma chaweza kutengenezwa, lakini programu iliyofutika haina fundi.

4. Chagua badiliko lisilokata wala kutoboa. Kifaa kinachochomekwa katika tundu la asili ni bora kuliko kinacholehemiwa. Kinacholehemiwa ni bora kuliko kinachohitaji kasha kutobolewa. Chipu ikiondolewa, pachika soketi, ili siku nyingine ya asili iweze kurudi.

5. Tofautisha kinachochakaa na kinachobeba tabia. Kapasita, fyuzi na kidhibiti volti vilitengenezwa vikijulikana kwamba vitachakaa. Kuvibadilisha ni kama kubadilisha utambi wa taa. Chipu ya sauti, chipu ya picha na mtambo wa diski ndizo sehemu zinazokifanya chombo kiwe chenyewe. Zisiguswe maadamu zinafanya kazi.

6. Andika, na utunze kilichotoka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila kipuri kilichoondolewa kiwekwe katika bahasha yenye tarehe na sababu, na bahasha ikae na kompyuta. Karatasi moja ndani ya kasha itamsaidia fundi wa mwaka 2060 kuliko sifa nyingi.

Tuchukue mfano wa badiliko jema. Katika ZX Spectrum umeme wa volti 9 huteremshwa kuwa volti 5 kwa kidhibiti kinachogeuza tofauti yote kuwa joto. Mkondo ukiwa ampea 0.7, joto linalopotea ni (9 − 5) × 0.7, yaani wati 2.8, ndani ya kasha dogo lisilo na feni. Leo kipo kidhibiti cha kukatakata umeme, kinachoingia katika matundu yale yale matatu na kupoteza sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo. Hakibadili picha, sauti wala mwendo wa programu. Huzipunguzia kapasita na chipu joto. Tena chaweza kuondolewa. Kipuri hiki kipya kinalinda vipuri vya zamani, na hata kundi la kwanza halina sababu ya kukikataa.

Onyo kwa waalimu: makasha ya umeme wa volti 230 na televisheni za kioo kikubwa cha zamani yasifunguliwe na wanafunzi. Televisheni hizo hutunza volti maelfu hata baada ya kuchomolewa. Kazi ya wanafunzi iishie upande wa volti 5 na 9.

Hitimisho

Kuhifadhi kompyuta ya zamani ni kazi yenye pande tatu, nasi tumeona kwamba kitu chenyewe, kazi yake na yaliyomo hudai matunzo tofauti. Kompyuta iliyo adimu au yenye historia ya pekee ilindwe kama hati, ila isiachwe na betri inayoila. Kompyuta iliyo moja kati ya mamilioni itumike na ifundishe, ila isikatwe wala kutobolewa. Mwalimu atakayeanza kwa kuorodhesha yaliyomo katika stoo ya shule yake, kabla mnada au jalala havijafika, atakuwa amefanya sehemu kubwa ya kazi hii kwa kalamu na daftari tu.

Maswali ya kujipima

1. Kapasita imepimwa kudumu saa 1,000 katika nyuzi 105 za Selsiasi. Kadiria maisha yake katika nyuzi 55.

2. Mtambo wa diski hupeleka baiti 400 kwa sekunde. Programu ya kilobaiti 40 itachukua muda gani kupakiwa? Diski nzima je?

3. Eleza kwa nini siki hutumika kutuliza mabaki ya betri ya nikeli na kadimiamu, na kwa nini haifai kuyaacha maji ya siki juu ya ubao.

4. Katika stoo ya shule zimekutwa kompyuta tatu za aina moja: ya kwanza inawaka lakini kasha lake limetobolewa, ya pili haiwaki lakini ni kamili na ina namba ya leja, ya tatu haina chipu ya sauti. Amua utakavyoitendea kila moja, na utoe sababu.

5. «Dosari ya chombo yaweza kuwa sehemu ya historia yake.» Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa chipu ya 6581, kisha utafute mfano mwingine katika chombo cha kazi unachokijua katika mazingira yako.